Nyuma ya Rafu ya Wigi

Saa za watu kutoka kazini, duka la vipodozi lililotazamana na lango la soko lilikuwa halina pa kutia mguu. Wateja walipitisha noti juu ya mabega ya wenzao na makopo yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Bwana Afya aliingia humo akiwa na shati la mistari na viatu vya mtu anayetembea sana. Koti lake jeupe la halmashauri alikuwa ameliacha ofisini, kwa sababu kazi iliyomleta ilitaka aonekane mteja. Kanuni ya kununua sampuli ni fupi: ingia kama wengine, nunua kinachouzwa kwa wengine, usizungumze kuliko inavyolazimu, toka. Alikuwa ameifuata kwa miaka bila taabu.

Muuzaji wa kila siku alikuwa mgonjwa kwa muda, kwa hiyo nyuma ya kaunta alisimama binti wa kaka wa mwenye duka. Wateja walimwita Kidoti, kwa alama nyeusi iliyokaa juu kidogo ya mdomo wake. Alivaa gauni la kijani la mikono mifupi, nywele kazifunga kwa kitambaa cha manjano, na alihudumia watu wanne kwa wakati mmoja bila kumkosea hata mmoja.

"Kaka, umesimama kama nguzo ya umeme. Unataka nini?"

"Krimu ya uso. Ile ya kopo jeupe lisilo na karatasi."

"Isiyo na karatasi haikai mbele. Nani kakuelekeza?"

"Dada yangu."

"Dada yako ana rangi gani?"

"Kama yangu."

Kidoti alimtazama kuanzia paji la uso hadi kola, bila haraka, huku mama mmoja akipunga noti mbele ya pua yake.

"Kama ni kama yako, mwambie asiguse kitu. Mungu alishamaliza kazi."

"Muuzie mtu mafuta yake," alisema yule mama. "Macho mtakonyezana kesho. Sisi wengine tunawahi watoto."

Watu wakacheka. Kidoti akainama, akatoa kopo chini ya kaunta na kulifunga kwenye gazeti. Alipomkabidhi alishusha sauti. "Akiona panawasha, aache papo hapo. Asijifanye jasiri."

"Nikupigie nikuambie kama panawasha?"

Maneno hayo hayakuwemo kwenye kanuni, na aliyeyasema alishangaa zaidi ya aliyeambiwa. Kidoti alimtajia namba yake kama anayetaja bei. Bwana Afya akarudi ofisini, akalitia kopo kwenye mfuko wa sampuli, akaufunga na kutia sahihi. Yote aliyoyaandika yalikuwa kweli. Hakuwa na dada.

Alipiga simu kesho yake.

"Dada hajambo?" Kidoti aliuliza.

"Dada gani?"

"Ala. Dada wa krimu."

"Ah, huyo. Hajambo. Ameacha."

"Kabla hajaanza?"

"Kabla hajaanza."

"Dada mwenye akili. Na kaka yake?"

"Kaka yake ndiye anayewashwa."

Simu ikacheka muda mrefu. Tangu hapo walizungumza kila jioni, yeye akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake ya kupanga, Kidoti akiwa jikoni kwa shangazi yake, yule mwenye duka, sauti ya sufuria nyuma yake. Kidoti alipouliza kazi yake alijibu kwamba yuko halmashauri, upande wa afya.

"Basi wewe ndiye unayepuliza dawa ya mbu."

Alicheka, akaliacha hapo. Toka siku hiyo akawa Bwana Mbu, na jina lilimpendeza kuliko ukweli wenyewe. Mara mbili alipita dukani bila sababu ya kikazi, na mara zote mbili alitoka na sabuni ya kawaida ambayo hakuihitaji.

"Nyumba yako sasa itakuwa inateleza, mpenzi," Kidoti alimwambia.

Majibu ya maabara yalipofika, yalikuwa wazi. Krimu ile ilikuwa na zebaki, kwa kiasi ambacho mpimaji alikipigia mstari. Sheria za ofisi nazo zilikuwa wazi: afisa mwenye uhusiano na mwenye biashara, au na mtu wa nyumbani mwake, humwambia Mkuu wa kitengo na kukaa mbali na shauri hilo. Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, aliyezungumza kama anayesoma. Kumwambia kungechukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Lakini aliona si haki Mkuu ajue kabla ya Kidoti, kwa hiyo alipanga kumwambia Kidoti Jumapili, na Mkuu Jumatatu.

Jumapili walikaa kwenye benchi la bustani ya manispaa. Kidoti alivaa gauni jeupe lenye maua madogo ya buluu, na viatu vya kamba alivyovivua mara tu walipokaa. Bwana Afya alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi. Kidoti akamtangulia.

"Wewe hujaniuliza kwa nini naishi kwa shangazi."

"Nilidhani utaniambia ukitaka."

"Wazazi wangu walikufa nikiwa sijajua kufunga vifungo vya sare ya shule. Wajomba walikuja, wakala msibani, wakaondoka. Shangazi akanibeba na godoro langu. Huyo ndiye baba, ndiye mama, ndiye mashangazi wengine wote. Akikohoa yeye, ninayeshika kifua ni mimi."

"Na kazi ya dukani, unaipenda?"

"Mtu haulizwi kama anaipenda nyumba aliyokulia." Aligeuka kumtazama. "Wewe ulitaka kusema nini? Umemeza mate tangu tukae."

"Hakuna. Umependeza."

Walirudi mjini wameshikana mikono. Duka lile lile lilikuwa moyoni mwa kila mmoja, na hakuna aliyelitaja.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alisimama mbele ya meza yake, tayari amevaa koti. "Gari liko chini. Tunakwenda pale mbele ya soko kabla hawajahamisha mzigo."

Afisa anayemwonya mfanyabiashara kabla ya msako anatenda kosa. Afisa anayeficha uhusiano wake naye anatenda kosa jingine. Kutoka mezani hadi kwenye mlango wa gari alikuwa na nafasi ya kuliepuka hilo la pili. Mkuu alikuwa akizungumza na dereva, kisha akawa akizungumza kwenye simu, kisha gari likaondoka.

Shangazi aliwapokea mlangoni akiwa na gauni la hariri la zambarau na bangili hadi karibu na kiwiko. Uso wake ulikuwa mweupe kama ganda la yai, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya mtu mwingine. Nyuma yake, Kidoti alikuwa akipanga chupa. Aliona kwanza makoti meupe, kisha akamwona aliyevaa moja.

"Bwana Mbu," alisema taratibu. "Kumbe mbu wamefika mpaka madukani."

"Dada, naomba usogee pembeni," Bwana Afya alisema.

Neno dada lilimchoma Kidoti kuliko koti. Akasogea. Mkuu alipoinama kuhesabu makopo chini ya kaunta, Shangazi alimpita binti wa kaka yake, bangili zikigongana, akasema bila kufungua mdomo sana: "Ingia ndani, mwaga."

Mwisho wa duka, baada ya stoo na choo, palikuwa na rafu ya wigi: vichwa vya sponji vimepangwa toka sakafuni hadi juu, kila kimoja na nywele zake. Rafu ile ilikuwa na bawaba. Nyuma yake palikuwa na chumba chembamba kisicho na dirisha, chenye sinki, mizani, na mabeseni mawili ya mkorogo uliokuwa ukingoja kutiwa kwenye makopo. Krimu haikutoka mbali wala haikuvuka mpaka wowote. Ilipikwa hapo. Kuuza ni faini na kufungiwa duka. Kutengeneza ni jela.

Kabla duka halijafungwa, afisa mmoja hupita kila chumba, huita, kisha hutia sahihi kwamba hakuna mtu ndani. Siku ile kazi hiyo ilimwangukia Bwana Afya. Alipita stoo, akafungua choo, akafika kwenye rafu ya wigi na kuita. Hakuitikiwa. Akajiambia kwamba Kidoti ametokea mlango wa uani, na kwamba ni heri, maana asingelazimika kumtazama usoni. Mkaguzi mzuri hugonga kuta. Yeye alikuwa na haraka ya kutoonwa. Akatia sahihi.

Mlango wa uani ukafungwa, kisha mlango mkubwa wa chuma ukashushwa mbele, ukapigwa utepe na lakiri ya halmashauri. Shangazi alisimama barabarani akiutazama ukishuka mpaka ukagusa sakafu. Hakusema neno. Akapanda gari la Mkuu kwenda kuandikisha maelezo.

Bwana Afya aliachwa kubandika tangazo. Gundi ilikuwa bado mbichi simu ilipoita.

"Mmefunga duka?" Kidoti aliuliza.

"Tumefunga. Kidoti, naomba nikueleze..."

"Niko ndani."

"Ndani wapi? Nimepita kila chumba."

"Hiki hukupita. Kiko nyuma ya wigi."

Aliweka kiganja kwenye chuma. Upande wa pili kitu kikagonga mara moja. Fundi viatu aliyekaa kwenye kibaraza cha jirani akainua kichwa.

"Bosi, hilo duka limefungwa," alisema. "Hata wewe ulikuwepo."

Bwana Afya alimgeuzia mgongo. "Kuna nini humo chumbani?" aliuliza kwenye simu.

Kidoti akamtajia kimoja kimoja: sinki, mizani, mabeseni mawili, harufu inayouma macho.

"Toka humo. Njoo mbele, ukae chini karibu na mlango. Kuna upenyo sakafuni, hewa inaingia."

Akamsikia akija, akigonga kaunta gizani. Kisha akasikia gauni likiteremka kwenye chuma. Naye akakaa kwenye sakafu ya baraza, mgongo kwenye mlango ule ule, koti jeupe vumbini. Simu hazikuhitajika tena.

"Nifungulie," Kidoti alisema.

"Siwezi. Lakiri huvunjwa na Mkuu mbele ya mashahidi. Akivunja mtu mwingine anafungwa, hata kama ndiye aliyeipiga."

"Basi tuseme wewe umenifungia na huna ufunguo."

"Ndiyo."

"Angalau leo umesema kweli." Alikohoa. "Siku ile ulikuja kununua krimu au kunipeleleza?"

"Nilikuja kununua sampuli. Sikujua kama upo."

"Na sabuni?"

"Sabuni nilikuja kukuona."

"Na dada?"

"Sina dada."

"Mtu anamwua dada yake ambaye hata hajazaliwa." Lakini sauti ilikuwa imelegea kidogo. "Jana pale bustanini, uliyameza haya?"

"Nilitaka kukuambia. Ukanieleza habari za godoro."

"Kwa hiyo kosa la godoro."

"La kwangu. Na wewe je? Hicho chumba ungeniambia lini?"

"Mimi? Nimlete shangazi yangu kwenye sinia?" Mtaani mtu alipita akisukuma mkokoteni. Kidoti aliponena tena alikuwa ameshusha sauti kama siku ya kwanza. "Nisikilize, mpenzi wangu. Utampigia Mkuu wako, najua. Nipe muda kidogo kwanza. Nimwage haya, nioshe mabeseni; nilikuwa nangoja mtoke, msisikie maji. Shangazi atalipa faini ya kuuza, yataisha. Sitakuomba kitu kingine maishani."

Alifikiri. Jibu alikuwa nalo. Alitafuta namna ya kulisema.

"Siwezi. Nikingoja, nitakuwa najua ninachongoja. Nampigia sasa."

"Basi hunipendi."

"Nakupenda. Na nampigia sasa." Akaendelea kabla hajakatizwa. "Mpaka afike kutoka ofisini utakuwa na muda wa kutosha kumwaga. Siwezi kukuzuia, kuna mlango kati yetu. Lakini ujue kitu kimoja. Hilo sinki halina bomba la maji machafu. Mtaa huu wote hauna, nimeukagua. Linatoka kwenye mtaro wa nyuma, na mtaro unapita pale wanapooshea mboga za sokoni. Zebaki haiozi. Ukitaka kumwokoa, mwokoe. Ila si kwa kuimwaga humo."

Upande wa pili gauni lilisugua chuma.

"Shangazi alikuwa wapi mlango ukishuka?" Kidoti aliuliza.

"Nje. Kando yangu."

"Aliuona?"

"Aliuona."

"Alisema nini?"

Angeweza kusema hakusikia. "Hakusema kitu."

Akapiga simu pale pale, kwa sauti ambayo aliyekuwa ndani angeisikia: kwamba kuna mtu amefungiwa dukani, kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi, kwamba kuna chumba cha kutengenezea, na kwamba mtu huyo ni mpenzi wake, jambo alilopaswa kulisema kabla ya kupanda gari. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. "Usiguse kitu," alisema. "Nakuja."

Alipogeukia mlango kumwambia, Kidoti alikuwa ameshaondoka hapo. Nyayo zilikuwa zinarudi ndani. Kisha, mbali, akasikia bawaba, na baada ya bawaba akasikia bomba likifunguliwa na maji yakikimbia.

Fundi viatu alimsogezea kigoda. "Kaa vizuri, bosi. Wa kwangu mimi alinifungia nje. Huyu wako umemfungia ndani. Wote tunakaa barazani."

Akakaa. Maji yaliendelea, yakakatika, yakaendelea tena.

Mkuu alikuja na Shangazi garini na askari wawili wa halmashauri kuwa mashahidi. Lakiri ikavunjwa, chuma kikapanda. Kidoti alisimama katikati ya duka, uso umelowa, macho mekundu, kitambaa cha kichwani kimeteremka shingoni.

"Umemwaga kitu?" Mkuu aliuliza.

"Nimenawa macho."

Waliivuta rafu ya wigi. Mabeseni yote mawili yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

Shangazi aliyatazama kwa muda, kisha akamtazama binti wa kaka yake. "Nilikulea," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikulea kwa haya." Kidole chenye kifundo cheusi kilielekea mabeseni.

"Najua. Na mlango uliuona ukishuka."

Shangazi alipanga bangili zake moja moja.

Bwana Afya aliondolewa kwenye shauri siku hiyo hiyo na kupelekwa kitengo cha mitaro. Wote wawili walikuwa mashahidi, na mashahidi wa shauri moja wenye mambo yao waliamriwa wasizungumze mpaka hukumu. Kidoti hakuwa na kwingine. Alirudi kwa Shangazi, jiko lile lile, kitanda chumba cha pili, akala chungu kimoja na mtu ambaye yeye Kidoti angesimama mahakamani kumsemea mabaya. Shangazi alikuwa nje kwa dhamana. Walisemeshana habari za chumvi na gesi tu. Siku ya ushahidi waliondoka nyumbani pamoja, kwa sababu mahakama ilikuwa moja, na wakarudi pamoja. Hukumu ilikuwa kifungo cha nje na marufuku ya kufanya biashara hiyo tena. Hakimu alisema umri na hali ya ngozi ya mshtakiwa vimemsaidia.

Jioni ya hukumu simu ya Kidoti iliita.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Hakuna mwingine anayepumua hivyo kwenye simu."

"Naruhusiwa kukuona?"

"Unamwuliza hakimu au unaniuliza mimi?"

"Wewe."

"Mimi siishi peke yangu." Aliacha sufuria ichemke kidogo. "Kama unanitaka kwa mazungumzo, yamekwisha. Kama unanitaka kweli, posa yangu ina mtu mmoja tu wa kuipokea, na unamjua."

"Shangazi yako mwenyewe?"

"Sina mwingine."

Alikwenda na baba yake mdogo, wote wawili na koti na tai. Sebule ilikuwa na giza mchana, mapazia yamebanwa kwa pini. Tangu Shangazi aache krimu, ngozi ilikuwa imembabuka vipande, na daktari alimkataza hata kuanika nguo juani. Alikaa pembeni, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa chepesi, bangili hana. Kidoti alimaliza kumpaka dawa ya hospitali shingoni, akafunga kichupa, akasimama nyuma ya kiti chake.

Baba mdogo alisema aliyoyajia. Alisema vizuri, kwa ufupi. Kisha wakangoja.

"Kijana," Shangazi alisema bila kumgeukia, "nikikukataa, watu watasema nalipiza kisasi. Nikikukubali, watasema nimeogopa serikali. Mara ya kwanza ulinifungia duka. Sasa umekuja kunifungia mdomo."

"Ndiyo, mama," Bwana Afya alisema. "Najua."

"Unajua. Wewe kila kitu unakijua." Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na Kidoti akaushika. "Na wewe? Huyu aliyekataa hata kukungojea, unamtaka?"

"Namtaka, shangazi. Alikataa akiniambia kwamba anakataa."

Barabarani watoto waliotoka shule walipita wakisukumana, na mwanga ukacheza kwenye upindo wa pazia. Shangazi akageuza uso pembeni, asiuone.

"Arusi isiwe mchana," alisema. "Mimi jua siliwezi."